Urea Iliposhuka kwa Njaa: Uchambuzi wa Kisa cha Dayalisisi, Mbeya

Mgonjwa ni mwanaume wa miaka 48, mkulima wa viazi na ndizi wilayani Rungwe. Figo zake ziliharibiwa na shinikizo la damu lililokaa miaka mingi bila kutibiwa. Alianza kusafishwa damu kwa mashine (dayalisisi) Mbeya mara tatu kwa wiki, saa nne kila safari ya mashine, kupitia fistula ya mkono wa kushoto, yaani mshipa uliounganishwa na ateri kwa upasuaji. Urea yake, taka ya protini kwenye damu, kabla ya mashine ilikuwa 26 mmol/L mwanzoni. Miezi tisa baadaye ilikuwa 14.6, na kwenye faili liliandikwa neno moja: "nzuri".

Neno hilo ndilo lililomponza. Kwa sababu urea ilikuwa "nzuri", siku ya tatu ya wiki iliondolewa ili apunguze nauli. Kisha saa nne zikawa tatu, awahi kosta ya kurudi Tukuyu, kilomita 70 hivi kutoka mjini. Kila uamuzi ulichukuliwa kwa nia njema, na kila mmoja ulizidi kumdidimiza.

Kisa hiki kimepangwa kwa ajili ya kufundishia. Namba zote zimewekwa ili msomaji aweze kuzirudia kwa kikokotoo cha simu.

Alichokuwa nacho mgonjwa

Alilalamika kichefuchefu, ladha ya chuma mdomoni, usingizi wa mang'amung'amu na nguvu za kushika jembe kuisha. Alikuwa akishiba haraka, na nyama ilikuwa imeanza kumnukia vibaya. Shinikizo la damu baada ya mashine lilikuwa 172/98 licha ya dawa tatu.

Uzito wake baada ya mashine ulikuwa kilo 62.0, uleule wa miezi sita iliyopita. Mizani ikasema hajapungua, ila mwili ulisema vingine. Mashimo yalionekana juu ya mashavu pembeni ya macho, mfupa wa bega ulichomoza, na nyama kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imebonyea. Mkanda wa suruali ulikuwa na tundu jipya lililotobolewa kwa msumari, huku soksi zikiacha alama ya kina kwenye vifundo. Juu amekonda, chini amejaa maji. Kilo zilizopotea za misuli zilikuwa zimezibwa na maji, na kwa kuwa uzito mkavu (uzito wa mwili maji ya ziada yakiwa yametoka) haukuwahi kupangwa upya, mashine ilimwachia maji hayo kila safari.

Maabara: albumini (protini ya kwenye damu) 29 g/L, bikaboneti 17 mmol/L, potasiamu 5.6, na kriatinini kabla ya mashine imeshuka kutoka 980 hadi 610 µmol/L. CRP, kipimo cha damu kinachopanda kukiwa na maambukizi, ilikuwa 6 mg/L, kwa hiyo hakukuwa na maambukizi makali ya kusingiziwa albumini hiyo. Ila ikumbukwe kwamba maji mengi mwilini nayo huizimua albumini. Haifai kusomwa peke yake.

Kriatinini ndiyo iliyopaswa kumshtua mtu mapema zaidi. Hutoka kwenye misuli. Kwa mgonjwa ambaye dozi ya mashine imepunguzwa, kriatinini ilitakiwa ipande. Ikishuka wakati usafishaji umepungua, kilichopungua ni misuli yenyewe.

Urea ina milango miwili

Urea inayoonekana kabla ya mashine ni matokeo ya mambo mawili: kiasi kinachoingia, yaani protini inayoliwa na ile ya misuli inayovunjwa, na kiasi kinachotolewa na mashine pamoja na mkojo uliobaki. Urea ndogo inaweza kumaanisha mtu amesafishwa vizuri, na inaweza vilevile kumaanisha mtu hali chakula. Kwa namba hiyo moja huwezi kuvitofautisha. Hili si jipya: mwaka 1985 Frank Gotch na John Sargent walichambua upya takwimu za utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 1981 na kuonyesha kwamba dozi lazima ipimwe kwa Kt/V ikiwa bega kwa bega na kipimo cha protini. Wagonjwa waliokuwa na urea ndogo kwa sababu ya kula kidogo hawakuwa salama.

Kwenye Kt/V, K ni kasi ya chujio kusafisha urea, t ni muda, V ni maji yote ya mwili yanayobeba urea. Kwa ratiba ya mara tatu kwa wiki, miongozo ya KDOQI (ya Wakfu wa Taifa wa Figo wa Marekani) ya mwaka 2015 inalenga 1.4 kwa kila safari, na isishuke chini ya 1.2. Asilimia ya urea iliyoondolewa isishuke chini ya 65.

Kipimo cha mwezi uliopita kilionyesha asilimia 71. Kwa dozi aliyokuwa akipata, haiwezekani. Uchunguzi wa namna sampuli ilivyochukuliwa ulitoa jibu: damu ya mwisho ilivutwa baada ya damu kurudishwa mwilini kwa maji ya chumvi. Ilikuwa imezimuliwa, na urea ikaonekana imeshuka sana.

Sampuli ikarudiwa Jumatatu kwa utaratibu sahihi. Ya kwanza ilichukuliwa sindanoni mara tu baada ya kuchoma, kabla ya heparini (dawa ya kuzuia damu isigande) au maji ya chumvi kuingia. Ya mwisho ilichukuliwa muda ulipotimia: uvutaji wa maji ukazimwa, pampu ya damu ikashushwa hadi 100 mL kwa dakika, zikahesabiwa sekunde 15, kisha damu ikavutwa kwenye mlango wa laini inayotoa damu mwilini, pampu ikiendelea polepole. Sekunde hizo zinaosha laini, ili damu iliyokwishasafishwa na kuzunguka tena kwenye fistula isiingie kwenye bomba la sampuli. Ukichelewa nako, urea iliyokuwa imejificha kwenye misuli huanza kurudi kwenye damu na dozi inaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Matokeo: kabla 14.6, baada 6.2. Muda saa 3. Maji yaliyovutwa lita 2.2. Uzito wa mwisho kilo 62.

Fomula ya Daugirdas: Kt/V = −ln(R − 0.008 × t) + (4 − 3.5 × R) × UF ÷ W, ambapo R ni urea ya baada ukigawa kwa ya kabla, t ni saa, UF ni lita zilizovutwa na W ni uzito wa baada.

R = 6.2 ÷ 14.6 = 0.425. Ukitoa 0.024 inabaki 0.401, na logi asilia yake, bila alama ya hasi, ni 0.91. Upande wa pili: 4 − 1.49 = 2.51, zidisha kwa 2.2 ÷ 62, unapata 0.09. Jumla 1.0. Asilimia ya urea iliyoondolewa ni 58. Kigezo cha 0.008 kilitengenezwa kwa ratiba ya mara tatu. Kwa mara mbili hupungua kidogo, lakini hitimisho halibadiliki.

Safari moja ya 1.0 tayari haitoshi, na yeye alipata mbili tu kwa wiki. Ukiikokotoa kama dozi sanifu ya wiki (standard Kt/V, ambayo si jumla tu ya safari), mashine ilimpa takriban 1.1, wakati miongozo inalenga 2.3 na kiwango cha chini ni 2.1. Figo zake zilikuwa zikitoa mkojo mililita 250 kwa siku, na mchango wake haukufika 0.3. Mara mbili kwa wiki inaweza kumtosha mtu ambaye bado anakojoa vya kutosha, na nusu lita kwa siku na zaidi ni miongoni mwa vigezo ambavyo wataalamu huviangalia. Huyu hakuwa mtu huyo, na mkojo wake haukuwa umepimwa kabla siku ya tatu haijaondolewa.

Saa tatu zenyewe hazikutimia

Karatasi ya mashine iliandika pampu 300 mL kwa dakika. Lakini jumla ya damu iliyopita ilikuwa lita 46 kwa dakika 180, yaani wastani wa 256. Tofauti hiyo ilitoka wapi?

Sindano zilikuwa za geji 17, nyembamba kwa kasi hiyo (namba ya geji ikipungua, sindano huwa nene zaidi). Pampu ilipolazimishwa kuvuta, shinikizo kabla ya pampu lilifika hasi 240 mmHg. Likizidi hasi 200, bomba la ndani ya pampu halijai vizuri kila mzunguko. Pampu huhesabu mizunguko na kuonyesha 300, ilhali damu halisi ni pungufu hata ya hiyo lita 46. Tena king'ora kililia mara kadhaa mgonjwa alipokunja mkono, na kila kinapolia pampu husimama huku saa ya ukutani ikiendelea. Mwisho wa safari nyuzi za chujio zilikuwa na michirizi ya damu iliyoganda, ishara kwamba sehemu ya chujio ilishaacha kufanya kazi.

Jumla ya lita za damu iliyopita iandikwe kwenye karatasi kila safari. Haigharimu chochote, na inafichua mengi ambayo kipimo cha mwezi hakiyaoni.

Protini: gramu 30 kwa mtu anayehitaji 64

Alhamisi kabla ya kuunganishwa, urea ilikuwa 12.8. Safari ya Jumatatu iliisha saa 5 asubuhi, hii ilianza saa 2 asubuhi: saa 69 katikati, sawa na siku 2.875. Urea imepanda kutoka 6.2 hadi 12.8, ongezeko la 6.6, yaani 2.3 kwa siku.

Kwa mgonjwa asiyekojoa, kasi ya protini inayovunjwa, ile inayoandikwa nPCR, hupatikana hivi: ongezeko la urea kwa siku, kwa mmol/L, zidisha kwa 0.1, kisha ongeza 0.22. Hapa ni 0.45 g kwa kilo kwa siku. Mkojo nao uhesabiwe: mililita 250 zenye urea 60 mmol/L zinatoa mmol 15, sawa na gramu 0.42 za naitrojeni. Zidisha kwa 6.25 unapata gramu 2.6 za protini, au 0.04 kwa kilo. Jumla inakaribia 0.5.

Miongozo ya lishe ya KDOQI ya mwaka 2020 inamtaka mgonjwa wa mashine aliye imara apate gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo kwa siku, pamoja na kilokalori 25 hadi 35 kwa kilo. Uzito wake halisi bila maji ulikadiriwa kilo 58, hivyo alihitaji gramu 64 hivi. Alikuwa na kama 30. Na hata hizo 30 si zote zilizopita mdomoni, kwa kuwa mtu anayekonda huvunja misuli yake mwenyewe, na fomula haiwezi kujua protini imetoka kwenye sahani au kwenye paja.

Mke wake ndiye aliyeeleza sahani hiyo. Asubuhi chai ya rangi na vipande viwili vya kiazi. Mchana wali na mboga za majani, mara nyingi robo inabaki. Usiku uji mwepesi. Siku za mashine aliondoka nyumbani saa 10 alfajiri na kurudi jioni bila kula kitu, kwa kuogopa kutapika njiani. "Baba amekatazwa nyama, maharage, maziwa na mayai," alisema, na karatasi akaitoa kwenye pochi. Ilikuwa ya kweli, ya kabla hajaanza mashine. Wakati ule kupunguza protini kulikuwa na sababu, kwa lengo la kupunguzia mzigo figo zilizobaki. Siku mashine ilipoanza, agizo hilo lilipaswa kufutwa na kugeuzwa. Hakuna aliyelifuta.

Mashine yenyewe pia huchukua protini. Katika safari moja, asidi amino za gramu 6 hadi 12 hupotea kupitia chujio. Yai moja lina gramu 6. Mayai mawili ya kuchemsha ndiyo kwanza yanarudisha kilichotoka.

Bikaboneti ya 17, dalili ya asidi kuzidi kwenye damu, ilikuwa inamaliza kazi. Damu yenye asidi huusukuma mwili kuvunja misuli, na hiyo asidi ilitokana na dozi ndogo. Mduara ukajifunga: sumu zinabaki, hamu ya kula inakufa, urea inashuka, dozi inapunguzwa, sumu zinazidi kubaki.

Kilichobadilishwa, na kwa mpangilio gani

Dozi ilirudishwa kwanza. Kumhimiza mtu mwenye kichefuchefu cha urea ale nyama ni kumtesa. Ratiba ikawa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nne zilizokamilika kwa dakika za pampu. Sindano zikapandishwa hadi geji 16, na baada ya wiki mbili geji 15, kila moja ikichomwa mbali na mwenzake na sehemu zikibadilishwa. Shinikizo kabla ya pampu likatulia hasi 160 kwenye 300 halisi. Heparini ikapangwa upya kwa uzito wake. Kuhusu usafiri, zamu yake ilisogezwa ianze saa 1 asubuhi, na hilo pekee liliondoa ugomvi wa kosta.

Uzito mkavu ulishushwa taratibu, gramu 300 zaidi ya kawaida kila safari, kutoka kilo 62 hadi 57.5 kwa muda wa wiki tano. Uvutaji haukuruhusiwa kuzidi mililita 13 kwa kilo kwa saa, ambazo kwa kilo 58 na saa nne ni kama lita 3. Safari mbili misuli ya miguu ilikaza kabla ya kufika, uvutaji ukasimamishwa, siku iliyofuata ukaendelea. Dawa moja ya shinikizo iliondolewa njiani. Ukiacha dawa zote huku unavuta maji, presha huporomoka na watu hukimbilia kumrudishia maji yaleyale.

Chakula kilipandishwa kwa wiki mbili badala ya siku moja, kwa sababu mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akishindiliwa ghafla, fosfeti na potasiamu huweza kuyumba vibaya. Sahani ilijengwa kwa vitu vya sokoni Tukuyu. Mayai mawili asubuhi, gramu 12. Ugali wa unga gramu 150, gramu 12 nyingine, na samaki asiyekaushwa, aliyepikwa, gramu 100 bila mifupa, gramu 22. Usiku wali vikombe viwili vilivyopikwa, gramu 8, na nusu kikombe cha maharage, 7. Nusu kikombe cha maziwa kwenye chai, 4. Jumla 65. Samaki anaweza kuwa kuku au nyama isiyo na mfupa, kipande cha ukubwa wa kiganja bila vidole. Usipa wakavu wa Ziwa Nyasa wana protini nyingi kwa bei nafuu, ila huliwa na mifupa, na fosfeti iko humo. Wiki moja isizidi mara mbili. Mafuta ya kupikia vijiko viwili vya chakula kwa siku yaliongezwa makusudi, kilokalori 240, ili protini isichomwe kama kuni.

Maharage yalizua ubishi nyumbani, maana watu wengi wameambiwa ni sumu kwa figo. Nusu kikombe kinakubalika. Fosfeti ya maharage imeshikwa na faiteti, na utumbo hunyonya chini ya nusu yake. Kinachoangaliwa ni potasiamu: loweka usiku, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya, mwaga mchuzi wa kwanza.

Tatizo kubwa zaidi la Rungwe ni ndizi, viazi na parachichi. Viazi na ndizi humenywa, hukatwa vipande vidogo, huchemshwa kwa maji mengi, maji humwagwa yote, ndipo huungwa. Kuzipika pamoja na mchuzi wake, kama ilivyozoeleka, ni kuirudisha potasiamu yote kwenye bakuli. Parachichi halina namna ya kuchemshwa. Liliondolewa, na aliumia nalo kuliko chumvi.

Siku ya mashine: mayai mawili ya kuchemsha na chapati moja kwenye chombo, huliwa kabla ya kuunganishwa au katika saa ya kwanza. Wakati wa mwisho wa safari, maji mengi yakiwa yameshavutwa, kula hushusha presha kwa sababu damu hukimbilia tumboni. Anayeshuka presha mara kwa mara ale akishamaliza.

Wiki ya nane

Jumatano, kabla ya mashine urea ilikuwa 20.5, baada 6.3. Maji lita 2.4, uzito wa baada kilo 58.0. Kt/V 1.41, urea iliyoondolewa asilimia 69. Ijumaa, saa 44 baadaye, urea ilikuwa 20.5 tena: ongezeko 14.2, kwa siku 7.75, nPCR 1.0 kabla ya kuongeza mkojo.

Maabara iliweka alama ya "juu" kando ya 20.5. Ndugu waliokuwa wakifuatilia karatasi walishtuka, wakauliza kama nyama ipunguzwe tena. Walionyeshwa namba tatu kwa pamoja: dozi imepanda kutoka 1.0 hadi 1.41, protini kutoka 0.5 hadi 1.0, bikaboneti kutoka 17 hadi 22. Urea ile imepanda kwa sababu anakula, na mashine inaiondoa. Kriatinini imeanza kurudi juu, 690. Presha 142/84. Albumini 32, na sehemu ya kupanda huko ni maji yaliyotoka.

Uzito mkavu sasa umeanza kupandishwa, kilo 58 na pengine 58.5 mwezi ujao. Mara hii anaongezeka nyama ya mwili, si maji. Upimwe kila mwezi kwa kuangalia vifundo, presha na pumzi akiwa amelala chali, hata kama mizani imetulia.

Limebaki moja. Fosfeti imepanda kutoka 1.5 hadi 1.9 mmol/L, jambo lililotarajiwa. Alishaandikiwa vidonge vya kalisi kaboneti, vya kushika fosfeti ya chakula tumboni, lakini alikuwa akivimeza asubuhi na mapema, tumbo tupu, pamoja na dawa za presha. Havina cha kushika hapo. Vimehamishiwa kwenye tonge la kwanza la mchana na la usiku, ambako ndiko samaki na maharage yaliko, na fosfeti itarudiwa baada ya wiki nne kabla ya mtu yeyote kugusa protini.